Mama wa Bitabu na Miisho Yake Miwili ya Dunia

Mimi ni mwoga, nalisema mapema ili mtu asinishangae huko mbele. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa hata cherehani yangu ikinyamaza ghafla katikati ya mshono. Kwa hiyo sijui ni kwa bahati gani ya ajabu kwamba miaka yote niliyokaa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi huko Congo, mtu wangu wa karibu alikuwa mwanamke ambaye furaha yake kubwa ilikuwa kusimulia jinsi dunia itakavyoisha. Nilimwomba aache, sikumbuki ni mara ngapi. Kisha jioni yake nilikuwa nabeba kigoda changu narudi kwake, masikio wazi, mwili unanisisimka.

Tulimwita Mama wa Bitabu. Wakati kampuni ya mgodi bado ina nguvu, yeye ndiye aliyetunza maktaba ya klabu ya wafanyakazi. Klabu ikafungwa, paa likaibwa, vitabu vikaliwa na mchwa na vilivyobaki vikaenda sokoni kufungia karanga. Yeye akatoka na viwili. Nilimuuliza kwa nini hivyo viwili na vyote vilivyokuwepo, nikitegemea jibu kubwa la mtu aliyesoma. Akasema, "Njo bilikuwa karibu na mulango."

Vyote viwili vilikuwa riwaya za Kifaransa, vyote vya kutisha, vyote vya mwisho wa dunia, na vyote vimeandikwa na mtu mmoja. Majalada yalikuwa yameshang'oka, jina la mwandishi limekwenda nayo. Yeye alimwita "huyu bwana" tu, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia shemeji asiyelipa kodi. Huyu bwana ana kiburi. Huyu bwana hajui kupika, angalia alichoandika hapa kuhusu supu. Ungedhani bwana mwenyewe anakaa mtaa wa nyuma na atapita saa yoyote na baiskeli yake.

Kitabu cha kwanza kilianza siku ya soko, jua kali, watu wamejaa. Ardhi inapiga kelele. Haitetemeki, inapiga kelele kama mtu. Halafu wafu wanatoka makaburini, wala hawana hasira na mtu; wanapita mlango kwa mlango wanauliza njia ya kwenda kwao. Hapo ndipo nilipokuwa naacha kushona. Mito inashika moto, jua linakuwa jeusi upande mmoja, watu wanakanyagana, na mwisho anabaki daktari mmoja juu ya kilima anapuliza filimbi na hakuna anayemjibu.

Kitabu cha pili hakina mfu hata mmoja mpaka karibu na mwisho. Ni mji mdogo wa watu wa kawaida. Asubuhi moja maji ya visima yanatoka na joto kidogo. Watu wanafurahi. Kesho yake yana joto zaidi kidogo. Wanawake hawanunui tena makaa ya kuchemshia maji ya kuoga, wazee wanaloweka miguu yenye maumivu, mtu mwenye akili anafungua nyumba ya kuogea na kila mtu anakwenda. Joto linaongezeka kidogo, na tena kidogo, na watu wanajifunza kuyapoza maji kabla ya kunywa. Basi. Kitabu kizima ni hicho. Anayeuliza kuna nini huko chini anaonekana mkorofi. Sitasema kinavyoisha, maana hata leo nikikumbuka ukurasa ule nakunja miguu yangu juu ya kiti.

Sasa, ugomvi wetu. Mimi niliogopa cha kwanza. Nani asiogope wafu wakipiga hodi? Yeye alikidharau.

"Cha kwanza ni cha kijana," alisema, vidole vyake vinakata vichwa vya ndagala, dagaa wetu, bila kuangalia. "Anataka shee tuogope. Anapiga sufuria. Cha pili, yee mwenyewe njo anaogopa."

"Unajuaje, Mama? Ulimuona?"

"Angalia kelele. Kule kwa kwanza, kila ukurasa batu banalia, banakimbia. Mutu mwenye anakimbia, anajua. Kuko dawa gani kubwa kupita kujua? Kwa pili hakuna hata moja analia. Banaoga."

"Lakini wafu, Mama!"

"Bafu banauliza njia tu, Mama Asha. Unabaonyesha, banaenda."

Na anacheka, ndagala zinaruka kwenye sinia. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, na nilikichukia kwa sababu kiliniacha peke yangu na woga wangu.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alikwenda misa kila asubuhi, lakini alirudi akilalamika kwamba padri anaueleza moto wa milele haraka haraka kama mtu anayesoma bei. Alikuwa mchoyo wa sukari, mchoyo kabisa, aliifunga kwenye kitambaa chenye fundo ambalo yeye tu aliweza kulifungua. Lakini ukimwomba sufuria anakupa na mfuniko wake na hakuulizi tena. Aliwaita watoto wa mtaa wote "vous", kwa heshima, kama wakubwa, na mbwa pia.

Mume wangu alimpenda. Sisi ni Waislamu, watu wetu walitoka mashariki na biashara, na Mama wa Bitabu alikuwa akimshika Baba Asha mlangoni amueleze habari za Kiyama. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anauliza maswali ya maana kuliko ninayoulizaga mimi. Siku moja Baba Asha alimaliza kueleza habari ya parapanda, naye Mama wa Bitabu akashusha pumzi.

"Ni muzuri ile," akasema. "Kila mutu atasikia. Hakuna mwenye atasema hakuambiwa."

Watoto aliwakataza kusikiliza kitabu cha kwanza, eti kina damu. Cha pili aliwasomea wazi barazani. Basi msikilize matokeo: hakuna mtoto aliyeota wafu. Lakini Asha wangu, msimu wote wa baridi ule, alikataa kuoga maji ya moto. Nampashia maji kwenye ndoo, anaingiza kidole, anapiga kelele mpaka majirani wanakuja. Nilimfuata Mama wa Bitabu nimefura. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtoto yule ndiye msomaji peke yake tuliye naye Kapata. Sikuongea naye siku mbili tatu. Halafu nikarudi, ningefanyaje.

Kusoma kwake kwenyewe kulikuwa kitu cha kutazama. Kila alasiri alikaa kwenye kiti cha chuma katikati ya chumba, mlango wazi, na kusoma kwa sauti kubwa, awepo msikilizaji au asiwepo. Alisoma Kifaransa, anasimama, anakigeuza Kiswahili chetu, anaendelea. Sauti ilikuwa imenyooka. Mahali ambapo mimi ningezimia, yeye alipita kama mtu anayesoma bei ya kabichi. Niliiba nguvu kwenye sauti ile. Nilijiambia, mtu anayeweza kusoma vile hajui kuogopa, na mradi yuko jirani yangu, na mimi nitavumilia.

Basi, yakaja mashimo.

Mtu mmoja mtaani alichimba choo akatoa jiwe jeusi lenye cobalt, madini ya bei kubwa, na tangu siku ile hakuna nyumba ya Kapata iliyobaki na akili zake. Vijana walikuja kutoka kila pembe ya Congo, Kasai, Kivu, huko Kasaji, wakipanga vyumba si kwa ajili ya kulala. Shimo lilichimbwa sebuleni. Mchana linafunikwa kwa mbao na mkeka, kiti kinawekwa juu, redio inafunguliwa mpaka mwisho ili askari akipita asisikie chepeo likichimba. Ulikuwa ukienda kumsalimia mtu, unakaa kwenye kochi lake, na chini ya makalio yako unasikia watu wanakohoa. Mimi niliacha kusalimia watu.

Lakini tulikuwa na adabu yetu katika wazimu ule. Huwezi kufungua shimo bila kupita kwa majirani na kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Jirani akinywa, amekubali mpite chini yake, na atapata sehemu yake. Akikataa kunywa, amekataa. Ilikuwa hivyo, na watu waliiheshimu, hata wageni.

Tata Kapita, jirani yetu mzee aliyewahi kuwa msimamizi mgodini, ndiye aliyepeleka munkoyo kwa Mama wa Bitabu. Nilikuwepo. Aliupokea kwa mikono miwili, akanywa kibuyu kizima, akajifuta mdomo.

"Munkoyo nimekunywa juu mi nilikuwa na kiu," akasema. "Chini yangu, hapana."

Tata Kapita alicheka mpaka akakaa chini. Hakukasirika. Vikundi vingine navyo vilipita na vibuyu vyao, wakapata jibu lile lile. Mtaa mzima ukakubaliana: chini ya Mama wa Bitabu hapaguswi. Wachimbaji wakasema hata ni vizuri, udongo wake utabaki nguzo, njia zote za chini zitauegemea. Kila mtu alilijua hilo. Kila mtu alilisema kwa mwenzake. Nami nikalala vizuri kidogo, kwa sababu ukuta wake na wangu zimeachana kwa upana wa baiskeli tu.

Kisha zikaanza nyufa. Kwanza kwa wengine, halafu kwangu juu ya dirisha, ufa mwembamba kama uzi. Nilikuwa naamka naugusa. Niliupaka udongo, ukatokea pembeni. Nilimuuliza mume wangu kama anajua kinachoendelea huko chini, akasema yeye ni mtu wa pikipiki, anabeba mifuko ya watu kutoka barabarani mpaka ghala, ya chini hayamhusu.

"Apa kwa Mungu," nikamwambia.

"Mama Asha, tuachane na bitu bya kuapa."

Alikuwa akirudi nyumbani ameshaoga, ananukia sabuni isiyo yetu. Nikawaza ana mwanamke. Nililia, nikapanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Wallahi, laiti ingekuwa mwanamke.

Nilimsihi Mama wa Bitabu aondoke. Ana mtoto wa dada yake huko Mutshatsha, mtu mwema, ana shamba na nyumba ya matofali, alikuwa akimwita kila mara. Nilimwambia, Mama, nyumba hizi zitatumeza, nenda, mimi nitafuata na watoto. Anakata ndagala. Anasema nitaenda, nitaenda. Haendi. Anakaa kwenye kiti chake cha chuma anasoma, sauti ile ile iliyonyooka, wakati ukuta wake wa nyuma umeshaachana na paa na unaona mbingu katikati. Na watu wakipita wanasema, aa, kama Mama wa Bitabu bado anasoma, basi hakuna neno.

Mara ya mwisho kuwa naye ndani ya nyumba ile ilikuwa saa ya kupika bukari, ugali wetu. Nilikuwa nimeshika mwiko. Alisimama kwenye mlango wangu, jambo ambalo hakulifanya kamwe, maana ni sisi tuliokwenda kwake.

"Mama Asha, kuya."

Nilimfuata. Katikati ya chumba chake alikuwa ameuvuta mkeka pembeni. Kwenye saruji kulikuwa na ufa kutoka mlangoni mpaka kitandani, mahali pengine mkono wa mtoto unaingia. Hewa ya joto ilikuwa inapanda kutoka ndani yake.

"Lala. Sikiliza."

"Siwezi, Mama. Naogopa."

"Lala, mwanangu."

Nililala. Niliweka sikio. Chini kabisa, lakini si mbali, si mbali hata kidogo, chepeo lilikuwa linakwaruza. Ndoo. Mtu anakohoa. Halafu mtu mwingine anaimba kwa pua, bila maneno, wimbo ule ule ambao kila Ijumaa nausikia uani kwangu anapoosha pikipiki.

Sikulia. Mama wa Bitabu alikuwa amepiga magoti kando yangu.

"Mi najua sauti yake kuanzia mwezi uliopita," akasema. "Nilikuwa nafikiri ataacha. Haachi. Njo maana nimekuita."

"Mwezi uliopita! Na wewe umekaa humu? Mama, kwa nini hutoki?"

Aliniangalia kama mtu niliyemuuliza kwa nini anapumua.

"Nikitoka, batasema nyumba haina mwenyewe. Bataingia bote na nguvu yabo yote. Nikiwa hapa, banaogopa kuniua. Banachukua kidogo tu, banarudi. Mi ninabazuia, Mama Asha. Nikitoka tu, bwana yako anakufa."

Nilielewa basi. Muda wote ule, mwanamke huyu alikaa juu ya shimo ili uzito wake uwatie haya wanaume walio chini. Nilitaka kumbusu miguu. Lakini woga ulikuwa umeshanipanda kichwani, na mwoga hapangi. Niliweka mdomo kwenye ufa nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Baba Asha!"

Chepeo likanyamaza.

"Nani?"

"Ni mi! Niko juu yako! Niko kwa Mama wa Bitabu! Toka!"

Tukasikia kicheko. Kicheko cha mume wangu kikipanda kutoka ardhini, Mungu anisamehe, nywele zilinisimama.

"Mama Asha, usiogope. Mama iko pale na weye?"

"Yuko!"

"Unaona? Iko pale, haogope. Sauti yake tunasikiaka hapa kila siku, anasoma muzuri, haitetemeke. Kama juu ingekuwa mbaya angekuwa ametoka zamani. Shee tukisikia anasoma, tunajua iko sawa, tunasogea kidogo. Inabakia kidogo tu. Minakuya."

Chepeo likaanza tena.

Nilimgeukia Mama wa Bitabu. Alikuwa amesikia kila neno. Nimemjua miaka mingi, nimemwona akizika mume, nimemwona akifukuza mwizi kwa mwiko, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Midomo ilikuwa inacheza peke yake. Pete ya mkono aliouweka sakafuni ilikuwa inagonga saruji, tik tik tik. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa ufa.

"Baba Asha," akasema. Sauti yake ilikuwa imekatika vipande. "Tata, sikiliza. Mi naogopa. Kila siku naogopa. Ninasomaka kwa nguvu juu ya kuogopa. Usiku silale. Unasikia? Natoka sasa. Juu hakuna mutu."

Halafu tukasikia ndoo inaanguka.

Nilimbeba. Simaanishi nilimsaidia kutembea, nilimbeba mgongoni kama mtoto, nikatoka naye mpaka barabarani, sisi wote wawili bila viatu. Na hapo ndipo milango ya mtaa ilipoanza kutoa watu. Vijana walitoka kwa Tata Kapita, weupe kwa vumbi, macho mekundu. Wengine wakatoka nyumba ya nyuma. Wengine nyumba ya pembeni, ambayo mwenyewe aliapa mbele yetu kwamba hana shimo. Tata Kapita mwenyewe, umri ule, alitoka na taa kichwani. Mume wangu akatoka katika nyumba ya mtu ambaye simjui hata kwa salamu, akaja akasimama mbele yangu, na nilimpiga kofi, kisha nikamshika shati sikumwachia.

Wote walikuwa wanaitazama nyumba ya Mama wa Bitabu. Halafu polepole wakaanza kutazamana.

"Na weye?" Tata Kapita akamuuliza kijana wa nyumba ya nyuma. "Na weye ulikuwa chini yake?"

"Kidogo tu, Tata. Si nyinyi mulisema mutaacha nguzo?"

"Shee tulijua ni nyinyi munaacha."

"Na mi pia," akasema mume wangu, bila kumtazama mtu. "Kidogo tu."

Wengine wakasema hivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo. Mama wa Bitabu alikuwa ameketi kwenye vumbi la barabara, amenishika kifundo cha mguu. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Mlango tulikuwa tumeuacha wazi, kiti cha chuma kinaonekana ndani, na kati ya wanaume wote wale hakuna hata mmoja aliyekwenda kuufunga.